Mkoba wa Mpiga Video: Nini Hasa Kiliua Vifaa Newala

Vitu vinne vilifika mezani kwangu, Mtwara mjini, ndani ya mkoba mmoja. Adapta ya laptopu isiyotoa umeme. Chaja ya betri za kamera iliyozima kabisa. Diski ya nje ambayo kompyuta ilikataa kuisoma mpaka ifutwe kwanza. Na pawabanki iliyovimba hadi ganda lake likaachia upande mmoja. Mwenye navyo ni kijana anayepiga video za harusi, alikuwa ametoka Newala, na jibu alikuwa nalo tayari: "Fundi, radi imenimaliza."

Jibu hilo lilikuwa na kila sababu ya kuaminiwa. Ilikuwa Desemba, mvua za kusini zimeanza, na Newala iko juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde, mahali ambapo ngurumo husikika kama ziko dirishani. Usiku huohuo umeme ulikatika. Ukiunganisha radi, umeme kukatika na vifaa kufa, nani atatafuta maelezo mengine? Lakini nilipofungua kimoja kimoja nilikuta wakosaji watatu tofauti, na radi haikuwamo. Ninakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu msafiri anayemwogopa adui asiye wake hutumia pesa kujikinga upande mmoja, akapigwa upande mwingine. Ndivyo ilivyokuwa kwa kijana huyu, na hakuwa mzembe hata kidogo.

Safari yenyewe ilikuwa ya kawaida. Korosho zimeshauzwa, watu wana fedha mkononi, harusi ni nyingi. Alikodi Noah pamoja na wenzake wa muziki, wakapita Nanyamba na Tandahimba, wakafika Newala mchana, akapiga video za ngoma za mkesha mpaka jioni. Akarudi gesti kuhamisha picha na kuchaji kwa ajili ya harusi ya kesho yake. Chumba kilikuwa na soketi moja. Akachomeka ekstensheni aliyoinunua makusudi kwa ajili ya safari, yenye maandishi makubwa kwamba inazuia umeme mkubwa na taa nyekundu ya kuthibitisha. Juu yake akaweka adapta ya laptopu na chaja ya kamera. Simu akaiacha kitandani, inachajiwa na pawabanki. Saa mbili usiku ngurumo zikapiga, umeme ukakatika. Baada ya muda mfupi jenereta ya gesti ikawashwa na kazi ikaendelea. Saa nne kasoro, kwa mkupuo mmoja, kila kilichokuwa kwenye ekstensheni kikazima.

Zingatia saa hizo. Ngurumo saa mbili, vifaa vimekufa karibu saa nne. Hilo peke yake lilinitia shaka kabla sijashika bisibisi.

Nilianza na adapta. Haikuwa ile iliyokuja na laptopu. Ya kwanza ilipotea, akanunua nyingine sokoni yenye nembo ileile na bei ya robo. Ndani, kapasita kubwa ya upande wa umeme mkali, yaani kipande kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, ilikuwa imevimba kichwa na kutema maji yake, na transista ya mbele, ile inayowasha na kuzima umeme huo kwa kasi, imepiga shoti. Kapasita hiyo imeandikwa volti 400. Hapa kuna hesabu ambayo kila fundi anaijua na kila msafiri angefaidika akiijua: umeme wa soketi zetu ni volti 230, lakini adapta huugeuza kwanza kuwa umeme wa moja kwa moja, na kilele chake kinafika kama volti 325. Kapasita ya 400 inabeba hiyo bila shida. Soketi ikipanda hadi 283, kapasita imefika mwisho wake. Ikizidi hapo na kukaa hapo, inapata joto, inavimba, inapasuka.

Neno la maana hapo ni kukaa. Radi inakuja na kuondoka ndani ya muda mfupi mno, sehemu ndogo sana ya sekunde. Ikiingia kwenye kifaa huacha alama zake: njia za shaba zilizochanika kwenye bodi, chipu zilizotoboka, weusi wa ghafla. Kapasita iliyovimba taratibu na kutema ni alama ya umeme uliopanda ukabaki juu kwa sekunde nyingi, pengine dakika.

Chaja ya kamera ilinipa ushahidi wa pili, na bora zaidi. Hii ilikuwa ya asili, iliyokuja na kamera. Ndani yake kulikuwa na fyuzi, na nyuma ya fyuzi kidonge cha rangi ya bluu kinachoitwa varista. Kazi ya varista ni kukaa kimya volti zikiwa za kawaida, na kuruhusu umeme upite kwake volti zikizidi, ili fyuzi ikatike na sehemu za ndani zisalimike. Hii ilikuwa imeungua na kupasuka, na fyuzi imekatika. Kila kitu nyuma yake kilikuwa kizima. Namba kwenye varista ilikuwa 431, maana yake inaanza kupitisha umeme kwenye kilele cha volti 430 hivi. Ukirudisha hesabu kwenda soketini unapata volti zaidi ya 300. Kwa hiyo tulikuwa na kipimo: chumba kile, usiku ule, kilipata umeme unaozidi volti 300, na ulikaa muda wa kutosha kuchoma varista.

Nikampigia simu mwenye mkoba. "Mdogo wangu, kabla vifaa havijazima, taa ya chumbani ilikuwaje?"

Akanyamaza kidogo. "Ilikuwa imewaka sana, fundi. Na feni ilianza kukimbia mpaka nikaiogopa."

Hilo ndilo swali ninalowauliza wote siku hizi, kwa sababu taa na feni ni mashahidi wasiosahau. Taa ikififia, volti zimeshuka. Taa ikiwaka kupita kawaida yake na feni ikabadilika sauti, volti zimepanda, na wakati wa kuchomoa ni uleule, si baada ya kumaliza sentensi.

Nikaomba namba ya mzee mwenye gesti. Nilimwamkia, nikamweleza kwamba sitafuti wa kulipa, nataka tu kujua jenereta ilikuwa imebeba nini. Alikuwa mkweli, na ninamshukuru kwa hilo. "Mwanangu, friji na pampu vilipowashwa taa zikafifia. Kijana akaiongezea resi." Kisha tangi likajaa, pampu ikazimwa, friji nayo ikapumzika. Resi hakuna aliyeirudisha. Usiku huo mzee mwenyewe alipoteza king'amuzi cha mapokezi na balbu kadhaa, akaamini kama alivyoamini mgeni wake kwamba ni radi.

Maelezo ya mzee yanatosha. Jenereta ndogo ya petroli hutakiwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe umeme wa hezi 50 kama wa gridi. Ndani yake kuna kifaa cha kusawazisha volti ambacho mafundi tunakiita AVR. Kikiwa kibovu, au jenereta ikiwa ya aina isiyokuwa nacho, volti inafuata mwendo wa injini. Ukiongeza resi ili kubeba pampu, halafu pampu ikazimwa, mzigo umeondoka na injini bado inakimbia. Volti zinaruka juu na kubaki huko. Nani atakayeumia? Si pampu, maana imezimwa. Ataumia yule aliyebaki kwenye soketi akichaji.

Na ile ekstensheni? Niliifungua mbele ya mwenyewe, kwa sababu nilitaka aione kwa macho yake. Ndani kulikuwa na vipande vya bati la kupitisha umeme, swichi na ile taa nyekundu. Basi. Hakuna varista wala kinga ya aina yoyote. Taa ilikuwa inathibitisha tu kwamba umeme upo. Ninasema wazi kwamba kuuza kitu hicho kwa jina la kinga ni kumwibia mtu mara mbili, pesa yake na kile anachokichomeka. Lakini hata kama varista ingekuwemo, isingetosha kwa usiku ule. Varista ni ya mruko wa ghafla. Umeme uliopanda ukakaa, varista hujitoa kafara, na kama hakuna fyuzi nzuri mbele yake inaweza kushika moto.

Kuna jambo jingine lililoonekana kwenye ekstensheni hiyo. Tundu moja lilikuwa limegeuka kahawia. Adapta ya sokoni ilikuwa na pini mbili za mviringo, na soketi zetu ni za pini tatu bapa. Karibu kila mtu amewahi kufanya hivi: anasukuma tundu la juu kwa ncha ya kalamu, kizibo kinafunguka, pini mbili zinaingia. Zinaingia, ndiyo, lakini hazishikwi. Mguso unakuwa legelege, unatoa cheche ndogo, unapata joto, plastiki inaungua polepole. Kigeuzi cha pini tatu chenye fyuzi yake ni bei ndogo na kinakaa mfukoni. Na ukigusa mwili wa bati wa laptopu ukasikia inakutekenya, usizoee. Mara nyingi ni mkondo mdogo unaopenya kwenye adapta isiyo na waya wa ardhi, ila kwa adapta ya kopi hujui kizuizi kati ya umeme mkali na mdogo kimejengwaje. Ya kijana huyu, nafasi kati ya pande hizo mbili ilikuwa finyu kiasi kwamba nilishukuru hakuwa pekupeku kwenye sakafu yenye maji.

Kinachozuia umeme uliopanda na kubaki ni kifaa ambacho wengi wanacho nyumbani bila kufikiria kusafiri nacho: friji gadi, au ndugu yake mdogo TV gadi. Hupima volti muda wote, huzikata zikipanda au kushuka nje ya mipaka, na zikirudi sawa husubiri kwanza kabla ya kuruhusu. Kusubiri huko kuna faida hata kwa umeme wa kawaida. Umeme wa gridi unaporudi baada ya kukatika, friji, feni na pampu za mtaa mzima zinaanza kwa pamoja, na volti huyumba kabla ya kutulia. Usipokuwa na gadi, mkono wako ndio gadi. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, acha dakika chache zipite, itazame taa, ndipo uchomeke.

Kwa usiku wa jenereta nina ushauri mmoja ambao nimeuona ukiokoa vitu: chomeka chaja ya simu ya bei ndogo peke yake, iijaze pawabanki, halafu simu ichajiwe na pawabanki. Volti zikiruka, inakufa chaja ya shilingi elfu chache. Laptopu ifanye kazi kwa betri yake.

Na hapo ndipo lilipo kosa la diski, ambalo umeme wenyewe haukulifanya moja kwa moja. Nilipoipima, diski ilikuwa nzima: inazunguka, haina mlio mbaya, haijaguswa na volti yoyote. Kilichoharibika ni mpangilio wa mafaili. Laptopu ya kijana ina betri kuukuu isiyoshika hata dakika moja, kwa hiyo adapta ilipokufa laptopu ilizima papo hapo, katikati ya kunakili. Diski ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa exFAT, ambao wapiga video wengi wanaupenda kwa sababu unasomeka kwenye kompyuta zote. Mfumo huo hauweki kumbukumbu ya kazi iliyokuwa inaendelea, hivyo uandishi ukikatwa katikati, orodha nzima ya mafaili inaweza kuvurugika. Angekuwa na betri nzima, laptopu ingeendelea kunakili kama vile hakuna kilichotokea, na angekuwa na muda wa kuifunga vizuri. Watu huniuliza kama wanunue yuupiesi ya safari, kile kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme ukikatika. Laptopu yenye betri nzima tayari ni yuupiesi. Kubadilisha betri iliyochoka ni gharama ambayo mtu anayefanya kazi safarini asiiahirishe.

Kompyuta ilikuwa inamwomba aifute diski. Namshukuru Mungu alibonyeza hapana. Kwenye hali kama hiyo usiandike chochote juu ya diski, hata faili moja, mpaka mafaili ya zamani yametolewa. Nilinakili diski nzima kwanza kwenda diski nyingine, kisha nikatafuta video kwenye nakala. Nyingi zilirudi. Kadi za kamera nazo zilikuwa bado na picha za jioni ile, isipokuwa moja, aliyokuwa ameshaifuta ili aitumie kesho yake. Video iliyohamishwa mwisho kabla laptopu haijazima ilitoka kadi hiyo, na haikurudi. Ni sehemu ya ngoma ya mkesha, kina mama wa upande wa bibi harusi wakicheza. Adapta hununuliwa nyingine, chaja hutengenezwa. Ile ngoma haichezwi tena. Ndiyo maana ninasisitiza kwa wapiga picha wote wanaopita kwangu: kadi haifutwi mpaka picha ziwe mahali pawili, na mahali hapo pawili pasiwe mkoba mmoja.

Ya nne ilikuwa pawabanki, na hii haihusiani kabisa na usiku wa gesti. Ilikuwa salama usiku ule. Iliuawa siku ya kurudi. Kijana aliichomeka kwenye chaja ya gari ili ijae, huku yenyewe ikiijaza simu, akaviweka vyote juu ya dashibodi ili avione. Wakasimama Tandahimba mchana kupata chakula, Noah imefungwa vioo, jua limepiga kioo cha mbele, kiyoyozi kimezimwa. Waliporudi ilikuwa imeanza kuinuka.

Betri za litiamu hazipendi joto, na zaidi ya yote hazipendi kuchajiwa zikiwa na joto. Mpaka unaotajwa kwa kawaida kwa kuchaji ni nyuzi 45. Dashibodi ya gari lililofungwa juani hupita nyuzi 60 bila taabu. Ongeza joto la kuchajiwa, ongeza joto la kuchaji simu kwa wakati uleule, na kimiminika ndani ya seli kinaanza kuvunjika na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea, mfuko laini wa seli unavimba. Hatua inayofuata inaweza kuwa moto, na moto huo ndani ya gari lenye watu wanane hauna mlango wa kutosha.

Pawabanki iliyovimba haitobolewi ili ipumue, haibanwi, haichajiwi hata mara moja "kujaribu". Niliiweka nje, kwenye ndoo yenye mchanga mkavu, mbali na kuta za mbao, na sikumrudishia. Kabla ya hapo niliiweka kwenye mizani: gramu 210. Ubavuni iliandikwa 30,000 mAh. Pawabanki ya kweli ya kiasi hicho huzidi nusu kilo, kwa sababu nishati inahitaji seli na seli zina uzito. Hii ilikuwa karibu na 10,000. Uongo huo una madhara hata kama haivimbi. Kwenye ndege, pawabanki haiwekwi kwenye mzigo wa chini, inabebwa mkononi, na kikomo cha kawaida bila kibali cha shirika ni wati-saa 100. Hesabu yake ni rahisi: zidisha mAh kwa 3.7, gawanya kwa 1,000. Elfu kumi ni wati-saa 37, elfu ishirini ni 74. Elfu thelathini ni 111. Kwa hiyo anayeruka kutoka uwanja wa Mtwara kwenda Dar es Salaam anaweza kunyang'anywa pawabanki kwa ajili ya nguvu ambazo haina, kwa sababu mkaguzi anasoma kilichoandikwa. Mashirika nayo yanazidi kukaza. Baada ya ndege ya Air Busan kuungua Korea Kusini Januari 2025, pawabanki ikishukiwa kuwa chanzo, mengi yalikataza kuziweka kwenye makabati ya juu, na Emirates ilipiga marufuku kuzitumia ndani ya ndege kuanzia Oktoba 2025.

Hesabu ya matengenezo iliishia hivi. Chaja ya kamera nilibadilisha fyuzi na varista, ikarudi kazini siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kifaa kilichojengwa kufa vizuri na kile kilichojengwa kufa na kila kitu. Adapta haikuwa na faida ya kutengenezwa. Nilimtafutia ya asili iliyotumika, nikaipima ikiwa na mzigo kwa saa nzima kabla ya kumkabidhi. Laptopu yenyewe ilikuwa salama, ila nilimwekea betri mpya. Mzee wa Newala nilimpigia tena, nikamwelekeza AVR ya kununua na nikamwomba afunge kipima volti ukutani karibu na jenereta, chenye namba zinazosomeka, ili kijana wa resi awe anatazama namba badala ya kukisia kwa taa.

Ekstensheni ya taa nyekundu ilibaki kwangu. Badala yake aliondoka na TV gadi, tukiwa tumeijaribu pamoja kwenye variaki, kifaa cha kupandisha na kushusha volti kwa mkono. Nilipandisha volti taratibu. Zilipofika 258 ikakata. Nikazirudisha 230, haikuwaka. Akaniuliza kama tayari imeharibika. Nikamwomba asubiri. Ilipita zaidi ya dakika moja ndipo ikawasha, nikamweleza kwamba akiwa Masasi, ambako ana harusi nyingine, ucheleweshaji huo asiukwepe kwa kuchomeka adapta moja kwa moja ukutani, maana ndio muda ambao jenereta au gridi inatafuta kutulia.